Diski Imefika Asilimia 100: Majibu kwa Wenye Kompyuta za Siku Nyingi

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kompyuta ya zamani ikianza kujisasisha, kazi inasimama. Tumechagua sita. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili uyatafute bila kubahatisha.

SWALI: Shikamooni. Nafundisha sekondari na natumia laptopu ya mtumba: prosesa i5 ya kizazi cha nne, ramu GB 4, diski GB 500, Windows 10. Nimeisajili kwa viraka vya nyongeza (vile vya usalama vya baada ya msaada wa kawaida wa Windows 10 kukoma), kwa hiyo kila mwezi apdeti zinakuja. Zikija, mashine inaganda kwa saa tatu au nne, hata faili la mitihani halifunguki. Fundi wa hapa anasema prosesa imechoka, ninunue kompyuta nyingine. Ni kweli? (Mwalimu, Singida)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Prosesa haichoki. Inaweza kuungua, au kujipunguzia kasi ikipata joto kali kwa sababu feni imejaa vumbi, lakini hailiki kama tairi. Usitoe hela kabla ya kuitazama mashine wakati imeganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua "More details" kama dirisha limefunguka dogo, kisha nenda "Performance". Hapo yanakuhusu mambo matatu: CPU (prosesa), Memory (ramu) na Disk (diski).

Kwa mashine kama yako, sura ya kawaida ni hii: CPU iko asilimia 20 au 30, Memory imepita 85, Disk imeganda kwenye 100. Sasa tazama kasi ya kusoma na kuandika iliyo chini ya mchoro wa diski: huenda ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Wengi hushangaa hapo. Diski imezidiwa vipi na haibebi kitu? Asilimia ile haipimi mzigo, inapima muda. Inakuambia diski haikupata hata nukta moja ya kupumzika.

Hesabu yake ni rahisi. Diski nyingi za laptopu za wakati ule huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Faili likitakiwa, kichwa cha kusomea husogea hadi kwenye mstari wake, kisha husubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Kwa wastani safari hiyo huchukua kama milisekunde 15 hadi 18. Gawanya sekunde moja kwa hizo, unapata safari 60 hivi. Na sasisho la Windows si faili moja kubwa, ni maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Programu iitwayo Windows Modules Installer Worker, ambayo pia utaiona kwa jina la TiWorker.exe, hufungua vipande, huvilinganisha na vilivyomo katika folda ya WinSxS (ghala la mafaili ya Windows), kisha huandika vipya. Wakati huohuo Antimalware Service Executable inakagua kila kinachoandikwa. Na kwa kuwa ramu ni GB 4 tu, Windows inahamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski hiyohiyo. Watatu wanagombania kichwa kimoja chenye uwezo wa safari 60. SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu, haina cha kuzunguka wala kichwa cha kusogea; hata ya bei ya chini hufanya maelfu ya safari kwa sekunde.

Kwa hiyo, Mwalimu, kitu cha kwanza kununua ni SSD, cha pili ni ramu. Kompyuta nyingine haihitajiki.

Kabla ya dukani, pima afya ya diski iliyopo kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari yenye namba 05, C5 na C6. Thamani zake huonyeshwa kwa tarakimu za hex (namba zinazochanganywa na herufi), kwa hiyo ingia "Function", "Advanced Feature", "Raw Values" na uchague "10 [DEC]" ili uzisome kama namba za kawaida. Ikiwa C5 si sifuri na inaongezeka kila ukitazama, kuna sehemu za diski zisizosomeka, na ugandaji wako una sababu ya nne: diski inarudia kusoma mahali pabovu tena na tena. Katika hali hiyo acha kila kitu, nakili mitihani na nyaraka zako kwenye flashi mbili leo hii, wala usihamishe mfumo mzima kutoka diski hiyo. Weka Windows upya kwenye SSD.

SSD inayokufaa ni ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5, unene milimita 7, GB 240 au 256. Nafasi ya diski kwenye laptopu nyingi za zamani ni ya milimita 9.5, basi SSD itachezacheza. Duka zuri litakupa fremu ya plastiki ya kuziba pengo. Jihadhari na vikasha vinavyouzwa kwa bei ya kutupa huku vimeandikwa TB 2. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili idanganye ukubwa wake. Ipime kwa H2testw, ambayo huandika hadi ijae kisha ikasoma tena, kabla ya kuweka chochote cha maana na kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Kuweka Windows upya kunahitaji flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool. Kama Windows yako ya sasa ina leseni halali iliyowashwa, leseni hiyo imeandikishwa kwa ubao mama, kwa hiyo itajiwasha yenyewe ukishaunganisha intaneti. Ukiulizwa namba ya leseni, chagua "I don't have a product key". Kabla ya kuanza, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka) uhakikishe SATA iko kwenye AHCI, si IDE. Ukisahau ukaibadilisha baadaye, Windows inaweza kukataa kuwaka.

Kuhusu ramu, laptopu nyingi za kizazi cha nne hutumia DDR3L, ile ya volti 1.35, iliyoandikwa PC3L. Muuzaji akikupa iliyoandikwa PC3 bila herufi L, ni ya volti 1.5, itaingia kwenye tundu bila shida lakini mashine huenda isiwake. Ukurasa wa Memory utakuonyesha "Slots used". Ikisema 1 of 2, ongeza GB 4 nyingine kando ya iliyopo, ufike 8.

Hadi hela ipatikane: siku sasisho linapoingia, iache laptopu usiku kucha kwenye chaja, zima hali ya kulala, na asubuhi chagua "Update and restart". Ukitumia "Shut down" ya kawaida kila siku, kazi iliyobaki inaahirishwa na kukurudia saa ya kipindi. Na programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi au kusafisha rejista, zifute. Hazigusi tatizo hili hata kidogo, na baadhi yake nazo zinakaa zinasomasoma diski.

SWALI: Natumia intaneti ya simu kwenye kompyuta. Juzi niliweka bando la wiki, asubuhi limekwisha, kumbe Windows imeshusha vitu usiku. Ofisini kwetu pia kuna mashine nane, kila moja inashusha vyake. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Nenda "Settings", "Network & Internet", "Wi-Fi", bonyeza jina la mtandao wa simu yako na uwashe "Set as metered connection". Mpangilio huu ni wa mtandao mmoja mmoja. Ukibadilisha jina la hotspoti, lazima uuwashe upya. Ukishawasha, masasisho mengi yatasubiri idhini yako, pamoja na orodha ya virusi vipya, kwa hiyo mara moja kwa wiki bonyeza "Check for updates" mwenyewe.

Kwa ofisi, ingia "Update & Security", "Delivery Optimization", uwashe "Allow downloads from other PCs" na uchague "PCs on my local network". Mashine zitaanza kugawiana vipande zenyewe kwa zenyewe. Usichague lile la mtandao wa ndani pamoja na intaneti, maana hapo bando lako litakuwa linawapelekea watu msiojuana.

Njia nyingine, na kwa mashine nane ndiyo tunayoipenda, ni kushusha mara moja. Chukua namba ya sasisho, ile inayoanza na KB, itafute katika tovuti ya Microsoft Update Catalog ukiwa mahali penye intaneti nafuu, shusha faili la .msu, lipeleke kwa flashi. Angalia neno x64 (biti 64) au x86 (biti 32) lilingane na Windows yako. Masasisho ya Windows 10 ya kila mwezi hujumuisha yaliyotangulia, kwa hiyo mashine iliyokaa miezi sita haihitaji mafaili sita, linatosha la mwisho. Kumbuka tu kwamba viraka vya baada ya Oktoba 2025 vinakubaliwa na mashine iliyosajiliwa kwa nyongeza pekee.

SWALI: Kompyuta ya mezani inakataa kabisa kujisasisha. Tovuti nazo zinasema muunganisho si salama. Nikirekebisha tarehe inakaa vizuri, nikizima umeme kesho yake inarudi mwaka 2012. (Mwenye duka la kuchapa, Nakuru)

JIBU: Betri ya saa imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, ipo kwenye ubao mama, na hupatikana hata kwa wauza saa. Seva za masasisho na tovuti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2012 inaona vyeti vyote vya leo havijaanza, inavikataa.

Kabla ya kuitoa, ingia BIOS upige picha kurasa zote kwa simu, hasa ule wa SATA na ule wa mpangilio wa kuwaka. Betri ikitoka, mipangilio inarudi ya kiwandani, na hapo ndipo watu hudhani wameua kompyuta. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kuondoa chaji iliyobaki, sukuma kibanio kwa bisibisi ndogo, weka mpya upande wa + ukiwa juu. Betri mpya hupima volti 3 au zaidi kidogo. Yako ikipima chini ya 2.7 usiirudishe.

Kisha rekebisha tarehe kwa mkono kwanza, ndipo ubonyeze "Sync now". Saa ikiwa imekosea kwa miaka, Windows inaweza kukataa kuisawazisha yenyewe. Eneo la saa kwa Kenya, Tanzania na Uganda ni "(UTC+03:00) Nairobi". Wasomaji wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wachague "(UTC+02:00) Harare, Pretoria".

SWALI: Umeme ulikatika katikati ya apdeti. Uliporudi ikaandika "Undoing changes made to your computer", ikazunguka muda mrefu, ikajiwasha, ikaanza apdeti tena, ikashindwa tena. Sasa ni siku ya tatu. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Pole sana. Tuanze na lile linaloharibu zaidi: kuzima kwa nguvu wakati inarudisha mambo nyuma. Kwenye diski ya kuzunguka, kurudisha nyuma kunaweza kuchukua saa mbili au tatu. Tazama taa ndogo ya diski. Ikiwa inamweka hata kwa kusitasita, kazi inaendelea, iache. Ikiwa imezimika kabisa kwa saa tatu mfululizo, hapo shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10.

Ikifika kwenye Windows, simamisha masasisho kwa "Pause updates" ili usikimbizwe, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa "Run as administrator" na uende kwa mpangilio huu:

chkdsk C: /scan
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Mpangilio una maana. Sfc hurekebisha mafaili ya mfumo kwa kuchukua nakala nzima kutoka ghala la WinSxS. Kama ghala lenyewe lilivurugika umeme ulipokatika, sfc haina pa kuchukua. DISM hutengeneza ghala kwanza, nayo huchukua kutoka intaneti, basi uwe na bando. Itasimama kwenye asilimia moja kwa dakika nyingi, mara nyingi karibu na 62. Usiifunge.

Baada ya hapo tupa kilichoshushwa nusu:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Historia ya masasisho itaonekana tupu. Usiogope, viraka vilivyokwisha kuingia vimebaki mahali pake. Ondoa "Pause updates", jaribu tena, na mambo yakikaa sawa kwa wiki, futa folda ile ya .old.

Ikiwa haifiki kabisa kwenye Windows, ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo italeta skrini ya bluu ya matengenezo. Fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", "Uninstall latest quality update".

Wengi wanauliza kama UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) itawaokoa. UPS ndogo ya VA 650 inaipa kompyuta ya mezani dakika chache, na sasisho likishaanza huwezi kulizima kistaarabu katikati. Inakusaidia umeme unapokatika kwa muda mfupi, si kwa mgao wa saa nne. Kwa laptopu, andika kwenye Command Prompt powercfg /batteryreport, fungua ripoti, ulinganishe "Design capacity" na "Full charge capacity". Betri iliyobaki chini ya nusu usiiamini kumaliza sasisho kwenye diski ya kuzunguka. Hapa pia SSD inalipa, kwa sababu inafupisha dirisha la hatari kutoka saa hadi dakika.

SWALI: Kilaptopu changu kina GB 32 tu za ndani. Apdeti inakataa, inatoa 0x80070070. Nimefuta picha zote. (Mwanafunzi, Zanzibar)

JIBU: Namba hiyo maana yake nafasi haitoshi. Hifadhi ya GB 32 ya vilaptopu hivi ni eMMC, yaani chipu iliyochomelewa kwenye ubao, kuibadilisha haiwezekani, kwa hiyo tunakwangua. Fungua Disk Cleanup, bonyeza "Clean up system files", weka alama kwenye "Windows Update Cleanup" na masalio ya Windows iliyotangulia kama yapo. Kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

powercfg /h off
DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup
compact /compactos:always

Ya kwanza hufuta faili la kulala usingizi mzito, ambalo peke yake ni GB moja au mbili. Ya tatu hubana mafaili ya Windows, nayo huokoa takriban GB 2. Usiingie WinSxS ukafuta kwa mkono, hata ukiona imeandikwa GB 8. Sehemu ya ukubwa huo inahesabiwa mara mbili, kwa kuwa faili hilohilo moja linaonekana pia ndani ya System32, na ukilikosa Windows haiwaki. Nyaraka na muziki hamishia kadi ya SD ikae humo moja kwa moja.

SWALI: Nina mashine mbili ofisini, moja Core 2 Duo, nyingine i3 ya kizazi cha nne. Windows 10 imekwisha muda. Kijana mmoja anataka kuniwekea Windows 11 kwa njia ya kuruka masharti. Nikubali? (Mzee wa ofisi ya ushirika, Mbeya)

JIBU: Shikamoo mzee. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za watu binafsi, zenye toleo la 22H2, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayeingia na akaunti yao na kusawazisha mipangilio yake. Mpango wa mashirika uko mbali na huo na bei yake ni tofauti.

Core 2 Duo, mkatalie. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai amri ya POPCNT ndani ya prosesa. Core 2 Duo haina, na hakuna hila ya kuiongeza, mashine haitawaka. Ile i3 inayo, kwa hiyo kuruka masharti kunawezekana, lakini inayokubalika rasmi kwa upande wa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Ukiweka kwa nguvu, hakuna anayekuhakikishia viraka, na kila toleo jipya la mwaka kijana atabidi arudi. Kwa mashine yenye vitabu vya hesabu za wanachama hatushauri.

Tungefanya hivi. Kwenye zote mbili, nakili nyaraka nje, weka SSD. Core 2 Duo ina SATA ya kasi ndogo, ila faida kubwa ya SSD ni zile safari tulizomweleza Mwalimu wa Singida, nazo zinapatikana hata hapo. Kisha jaribu Linux Mint 22 ya Xfce, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kwa flashi, bila kugusa diski. Ramu iwe GB 4. Ikae hivyo siku nzima: chapa barua, jaribu printa, fungua mafaili ya hesabu kwa LibreOffice. Ikiwa mnatumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, mtaligundua kabla hamjapoteza chochote, na i3 ibaki na Windows 10 ya nyongeza kwa kazi hiyo moja.

Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Hayajianzishi katikati ya kazi wala hayalazimishi kuzima. Unaona orodha, unaona ukubwa wa kushusha, unaamua. Ukishaiweka, fungua "Software Sources" uruhusu ipime seva na kuchagua iliyo na kasi zaidi kwenu, kwa sababu iliyowekwa mwanzoni inaweza kuwa mbali sana. Jambo moja halitabadilika: kivinjari kinakula ramu ileile kwenye mfumo wowote. Kwenye Core 2 Duo yenye GB 4, mwambie karani asizidishe kurasa tano.